Dawa ya Jua

Rimberia alikuja Isiolo na koti jeupe. Koti jeupe, jamani, katika mji ambao hata mbuzi mweupe huwa amegeuka rangi ya chai kufikia saa nne asubuhi. Falis alilikagua kuanzia kola hadi pindo, akaziona kalamu tatu zilizopangwa mfukoni, kisha akamwinamia mfanyakazi mwenzake, Ekeno, aliyekuwa akipangusa mashine ya kiwanda.

"Huyu ni daktari ama anauza mandazi?" aliuliza.

Ekeno alicheka hadi akaegemea mashine, na mashine ilikuwa moto, basi akamalizia kicheko chake akipuliza kiganja.

Hiyo ilikuwa Januari ya mwaka wa themanini na nne, na kiwanda kilikuwa na umri wa miaka miwili. Kukiita kiwanda kwenyewe ni kukipandisha cheo. Kilikuwa banda la mabati pembeni mwa mtaa wa Wabera, lenye mashine moja ya kupuliza mitungi ya plastiki ya kubebea maji, tena mashine iliyofika ikiwa imeshazeeka kwa watu wengine. Mwenyewe, Haji Abdisalan, alikuwa mtu wa malori. Babu yake alikuja na jeshi la Waingereza akapewa kiwanja cha kustaafia; mjukuu alijaliwa akili ya kutambua upepo. Aligundua kwamba lori lililojaa mitungi mitupu kutoka Nairobi, kwa kweli limejaa hewa. "Mimi nachoma dizeli kubeba hewa," alilalamika, "na hewa hapa Isiolo iko bure." Ndipo akaanza kuleta plastiki ikiwa bado chembe ndogo ndogo kwenye magunia, mitungi ikapulizwa hapa hapa. Falis alilitafutia kasoro wazo hilo kwa mwaka mzima asiipate, na jambo hilo lilimkera.

Maana Falis alikuwa mtu wa kutafuta kasoro. Miaka ishirini aliuza maziwa sokoni, ya ng'ombe na ya ngamia, na hakuna mchuuzi aliyethubutu kumletea mara mbili maziwa yaliyoongezwa maji. Mara ya kwanza ilitosha, kwa jinsi alivyomtangaza mtu mbele ya soko zima pamoja na ukoo wake. Ukame ulipomaliza mifugo ya waliokuwa wakimletea, Haji alimchukua kiwandani, akampa kazi ya kuchanganya dawa na plastiki. Ulimi alikuja nao.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa salama kwake, naye ni binti yake Kinsi. Kinsi aliolewa Korbesa, upande wa Merti, kwa Waborana, na alikuwa na mtoto wa kwanza wa miezi miwili mgongoni. Mwezi huo huo alimtuma dereva wa lori la Merti, Kulmiye, na maneno: kisima cha karibu kimekauka, sasa wanatembea nusu siku na punda kufuata maji, na mitungi waliyonayo imepasuka. "Hooyo," alisema kwa kinywa cha Kulmiye, kama alivyomwita mama yake tangu utotoni, "niletee mitungi ya kudumu. Hapa jua ni kali, na mama mkwe ananiangalia." Mama mkwe huyo, Racho, hakuwahi kuamini kwamba msichana wa Kisomali kutoka mjini anajua lolote kuhusu maji. Falis aliapa kwamba mitungi atakayompelekea mwanawe itamfunga Racho mdomo.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Jua hula plastiki. Ili lisiile, chembe huchanganywa na dawa kabla hazijaingia kwenye mashine. Dawa ya zamani ilikuwa unga. Falis aliumwaga kwenye pipa la kuzungusha, akazungusha, akakohoa, na unga nusu ulipanda puani mwake na nusu ukalala chini ya pipa. Mtungi mmoja ulitoka na dawa ya mitungi kumi, na mwingine ukatoka bila kitu. Haji alichoka kurudishiwa mitungi, akamwajiri Rimberia, Mmeru aliyesomea mambo ya plastiki miaka miwili ng'ambo. Yeye hakuisahau hiyo miaka miwili, wala hakumruhusu mtu mwingine kuisahau.

Dawa mpya aliyokuja nayo ilikuwa ya majimaji, nyeupe, imejaa mapipa sita. Alifungua pipa la kwanza mbele ya wafanyakazi wote, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Hii dawa ni mafuta," alitangaza. "Lakini mafuta na maji hayapatani, mnajua. Sasa wataalamu wameyapasua mafuta vipande vidogo sana, hata jicho haliwezi kuona, wakaweka kitu kama sabuni ya kuvishikilia, vikakubali kuelea ndani ya maji bila kushikana. Sisi tunaongeza maji, tunapulizia chembe zikizunguka kwa pipa, kila chembe inapata kipimo chake. Halafu tunakausha na hewa moto. Maji yanaenda, dawa inabaki imeshika chembe."

"Kama maziwa," alisema Falis.

"Si kama maziwa, mama. Hii ni kemia."

Falis alichungulia ndani ya pipa. Alikuwa amegandisha maziwa, ameyatikisa, ameyatoa siagi na kuyaokoa yakielekea kuharibika tangu huyu bwana akiwa bado ananyonya. Mafuta yaliyoelea ndani ya maji bila kushikana, na kama hayo si maziwa, basi yeye alikuwa akiuza nini miaka ishirini? Lakini moyoni alikubali kwamba wazo lilikuwa zuri. Chembe iliyovaa dawa yake yenyewe ingemfaa Kinsi kuliko unga wa kubahatisha. Alikunja mikono ya buibui na kuuliza ni maji gani yatatumika.

Kiwandani kulikuwa na maji ya namna mbili. Kulikuwa na maji ya mto, yaliyoletwa na mkokoteni wa punda, ya rangi ya udongo na majani ndani yake. Na kulikuwa na maji ya kisima alichochimba Haji kwa mashine, angavu kabisa, yaliyotumika kupozea mitambo. Wabera nzima ilijua habari za maji ya kile kisima. Sabuni haikutoa povu ndani yake hata uisugue mpaka iishe, na ukiyapikia chai, maziwa hukatika kabla chai haijachemka. Wanawake waliyaogopa. Rimberia alichota maji ya mto kwa glasi moja na ya kisima kwa glasi nyingine, akaziinua zote mbili juani.

"Hii chafu, hii safi," alisema. "Hata mtoto anaona. Tunatumia ya kisima."

"Bwana mkubwa," Falis alisema, na kwa hakika siku hiyo alisema kwa adabu, "hiyo maji haikubali sabuni. Na wewe umesema dawa yako imeshikwa na sabuni."

Rimberia alimtazama, kisha akawatazama wengine. Alikuwa mgeni, kijana wa miaka thelathini, na watu kumi na mmoja walikuwa wakingoja kuona atajibu nini.

"Mama," alisema, "hapa hatufui nguo."

Watu walicheka. Ekeno naye alicheka, ingawa baadaye alijuta. Falis hakukumbuka mara ya mwisho kuchekwa na watu. Kazi ya kuchekesha watu juu ya mwenzao ilikuwa yake. Uso ulimchoma. Alifunga mdomo kama anayefunga duka, akajiambia kwamba kuanzia hapo huyu msomi hatapata kutoka kwake neno moja la bure.

Walichanganya: debe moja la dawa, madebe manne ya maji ya kisima. Kwa muda wa kufumba na kufumbua kila kitu kilikuwa sawa. Kisha Falis, aliyekuwa akikoroga kwa upawa mrefu, aliona kile alichokuwa akikingoja. Weupe ulianza kuchakaa. Vidonge vidogo vilijitokeza, vikashikana, vikawa mabonge, mabonge yakapanda juu, na chini yakabaki maji ya rangi ya mawingu mepesi. Ilikuwa imekatika. Bibi yeyote wa Isiolo angeliona hilo akiwa amelala ubavu.

Alichota tone akaliweka kwenye ukucha wa kidole gumba, kama alivyokuwa akipima maziwa sokoni. Tone zuri hukaa. Hili lilitiririka likaacha punje za mafuta nyuma yake. Aliupangusa ukucha kwenye nguo na hakusema kitu. Ndani yake kulikuwa na furaha isiyo na haya hata kidogo.

Bomba la kupulizia, ambalo ni lile lile la kupulizia ng'ombe dawa ya kupe, liliziba papo hapo. Rimberia alilifungua, akatoa bonge kwa kucha, akalinusa.

"Uchafu," aliamua. "Pipa zimekaa bandarini muda mrefu, zimeingia uchafu. Mama, tafuta kitambaa, chuja."

Falis alimtazama kwa macho mapana. Chuja! Yaani mtu anatikisa maziwa, siagi inapanda juu, halafu anaitupa siagi ili abaki na maji. Na huyo mtu ana kalamu tatu. Alileta kitambaa cha melimeli, akakifunga juu ya ndoo, akachuja kwa mikono yake mwenyewe, vizuri sana, taratibu sana, na mabonge yote akayatupa nyuma ya ua. Kilichobaki kwenye ndoo kilipita kwenye bomba bila tatizo lolote, na kwa nini kisipite? Kilikuwa maji.

"Umeona sasa?" alisema Rimberia.

"Nimeona," alisema Falis.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Maziwa yakikatika asubuhi, kufikia mchana hakuna wa kuyaficha. Yatanuka, na mwenye kuyauza ataumbuka mbele za watu. Aliamini mitungi itatoka saa nane na mabaka, au na mashimo, au isitoke kabisa, na Haji atakuwepo, na watu wote kumi na mmoja watakuwepo. Hapo ndipo atakapofungua mdomo. Maneno alikuwa ameshayaandaa. Angeanza na koti.

Saa nane mitungi ilitoka. Ilitoka mizuri. Ilikuwa ya manjano yenye kung'aa, haina baka, haina povu ndani, midomo imeviringika sawasawa. Rimberia alijaza mmoja maji akampa Ekeno, Ekeno akapanda juu ya paa la ghala akauangusha. Ulidunda, ukalala kwa ubavu, na hakuna hata tone lililotoka. Haji Abdisalan aliushika mtungi mwingine mikononi akaugeuza kama mtu anayenunua kondoo.

"Mashallah," alisema. "Hii ndiyo elimu."

Falis alisimama pale na maneno yake yote mdomoni, na hayakuwa na pa kwenda. Aliuchukua mtungi akaubonyeza, akaunusa, akauinua juani. Alitafuta kasoro kwa macho ya miaka ishirini ya soko, na hakuiona. Basi plastiki si maziwa, alijiambia, na yule bwana alisema kweli, na mimi ni mama wa kufua nguo. Aliona aibu kali ambayo hakuwa na mtu wa kumpa. Kuhusu mabonge hakumwambia mtu, kwa sababu kuyataja sasa kungekuwa kuchekwa mara ya pili.

Jioni alichagua mitungi minane kwa ajili ya Kinsi. Alichagua kwa kung'aa. Aliifunga kwa kamba ya katani na kumkabidhi Kulmiye, akampa na salamu za kumpelekea Racho.

Baada ya wiki tatu Kulmiye alirudi na habari ambazo Falis alizidai mara mbili, yaani zisimuliwe tena kutoka mwanzo. Racho aliipiga mitungi kwa mkongojo, ikadunda. Akamtuma punda na minne kisimani, ikarudi imejaa, haivuji. Akasema, mbele ya wanawake wengine, kwamba labda huyu msichana wa mjini ana watu kwao. Kufikia Machi wanawake wa Korbesa walikuwa wamenunua mitungi arobaini kwa neno la Kinsi, na vyombo vyao vya zamani vya kusuka kwa mizizi, ambavyo hudumu tu vikikaa na maji ndani, vilitundikwa ukutani vikiwa vitupu. Falis alitembea wiki nzima akiwa mpole, jambo lililowatia wasiwasi majirani.

Kazi iliendelea vile vile. Kila asubuhi alikoroga, dawa ikakatika, akachuja, akatupa. Nyuma ya ua kulikuwa na lundo jeupe ambalo hata kuku wa jirani walilikwepa. Siku moja mwezi wa Aprili, wakati mvua ya masika ilikuwa imeshaonyesha kwamba haiji, Ekeno alimfuata pale pale kwenye ndoo. Alikuwa mtu wa makamo, Mturukana wa Ngaremara aliyetembea kilomita nyingi kila asubuhi, na alikuwa na desturi ya kufikiri akiwa njiani.

"Mama Kinsi," alisema, "hii uchafu inashika mkono kama mafuta. Nimeosha na sabuni, nimeosha na mchanga, imekataa kutoka. Lakini hii inabaki kwa ndoo, nikinawa nayo, ni maji tu. Sasa dawa iko upande gani?"

Lilikuwa swali lenyewe. Falis alilisikia lilivyoingia na kukaa. Alijua jibu lake tangu siku ya kwanza, akalizika kwa sababu ya mitungi kung'aa, na sasa mtu asiyewahi kukanyaga darasa alikuwa amelichimbua kwa kunawa mikono. Angeweza kusema, twende kwa Rimberia sasa hivi. Lakini angekwenda kumwambia nini? Kwamba amekuwa akitupa dawa kwa miezi mitatu, akijua? Na mitungi ingali inadunda?

"Wewe umesoma chuo gani?" alimuuliza.

Ekeno alicheka kidogo, kwa heshima, akarudi kwenye mashine yake. Falis akaendelea kuchuja.

Kinsi alikuja mwezi wa Agosti, siku ya Jumatano, saa tano asubuhi, juu ya lori la Kulmiye. Alishuka kwa mkono mmoja, mtoto mgongoni, na gunia. Falis alitoka mbio kutoka kwenye banda, mikono ikiwa bado myeupe, akafungua mdomo kumtania binti yake juu ya vumbi alilolibeba kutoka Merti, na hakumalizia. Kinsi alikuwa amekonda. Mtoto alikuwa amekonda zaidi. Alikuwa na miezi tisa na alikuwa mwepesi kama mtoto wa miezi miwili, na alipochukuliwa na bibi yake hakulia wala hakugeuka kuangalia ni nani.

"Salaam aleikum, hooyo," alisema Kinsi. "Haji yuko?"

Haji alikuwepo, na Rimberia alikuwepo, na koti lake, ambalo siku hizi lilikuwa la rangi ya Isiolo kama kila kitu kingine. Kinsi alimwaga gunia mbele yao. Ilikuwa mitungi mitatu, au iliyowahi kuwa mitatu. Rangi ya manjano ilikuwa imepauka ikawa ya mfupa. Haji aliokota kipande, akakibonyeza kwa vidole viwili, kikavunjika.

"Ilianza na midomo," Kinsi alisema. "Halafu mishikio. Tukasema tutavumilia, tufunge na kamba. Wiki mbili zimepita, tulienda kisima na punda sita. Kisima ni cha zamu. Ukimaliza zamu yako, unangoja siku tatu mpaka ikurudie. Tulijaza ishirini. Tukiwa nusu ya njia, jua likapanda, kamba ikakaza, mtungi mmoja ukapasuka, punda akashtuka akagonga mwingine. Tulifika nyumbani na minne. Boma sita, Haji, mitungi minne, siku tatu. Vile vyombo vya zamani tulikuwa tumetundika ukutani, tulivishusha, vimekauka, vinavuja kama chujio."

Haji aliviangalia vidole vyake, vilivyobaki na unga wa plastiki.

"Ndama wa Racho walikufa watano," Kinsi aliendelea. "Mimi maziwa yalinikauka. Tulimpeleka mtoto Merti, kwa zahanati, akawekewa maji ya mshipa. Yule daktari alisema tungechelewa siku moja, tungempoteza."

Falis alimkaza mtoto kifuani.

Haji alimgeukia Rimberia taratibu. Rimberia alikuwa ameshika kipande cha mtungi na anakigeuza, na jasho lilikuwa limetokea juu ya mdomo wake. Alisema kwamba kamba hukata plastiki. Alisema punda hawabebeshwi hivyo. Alisema pengine mitungi iliachwa juani mchana kutwa.

"Mtungi wa maji wa Korbesa uwekwe wapi?" Falis alimuuliza. "Kabatini?"

Watu walicheka kidogo, kicheko kikavu, na Falis alisikia ulimi wake ukiamka baada ya usingizi wa miezi. Alijua hii ndiyo saa aliyoingoja tangu Januari. Ilikuwa imechelewa tu. Haji yupo, watu kumi na mmoja wapo, na koti lipo.

"Hii haina dawa," Haji alisema kwa sauti ya chini. "Mimi si msomi, lakini naona. Mtungi wa zamani, wa unga, unaenda mwaka. Huu haujaenda miezi minane. Rimberia, dawa mapipa sita imeenda wapi?"

"Nimepulizia, Haji. Naapa kwa Mungu. Kila siku, kipimo kamili. Kila chembe ilipata." Sauti yake ilikuwa imepungua miaka ile miwili yote ya ng'ambo. "Labda walituuzia dawa mbovu. Mimi sijui. Sijui kilitokea nini."

"Basi kusanya vitu vyako," alisema Haji.

Ilikuwa imekwisha, na Falis hakuhitaji hata kusema. Angenyamaza tu, kama alivyonyamaza tangu mwanzo, na msomi angepanda lori la Meru na kalamu zake. Ekeno, kule nyuma, alikuwa akimtazama yeye badala ya Rimberia. Falis alijifanya hamwoni.

"Ngoja, Haji," alisema Kinsi. "Mimi nimekuja na neno la Racho. Aliniuliza nani anachanganya hii dawa. Nikamwambia, mama yangu. Akasema basi mama yako ametuua. Nilimkatalia mbele ya wanawake wote. Nilimwambia, wewe humjui mama yangu. Maziwa yakiwa na kasoro ndogo kama nywele anaiona, na akiiona hawezi kunyamaza hata umfunge mdomo na kamba. Niliapa, Haji. Nikasema kama kulikuwa na kasoro ya kuonekana kwa macho, mama yangu angesema." Alimgeukia Falis. "Sasa nataka nirudi niwaambie umesema hivyo mwenyewe. Waambie, hooyo. Hukuona kitu."

Alikuwa akimtazama kwa imani kamili, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Kwa miaka arobaini na saba Falis hakuwahi kukosa la kusema. Sasa alitafuta, na yote aliyoyakuta yalikuwa maneno ya kumpiga mtu mwingine.

"Niliona," alisema.

Kinsi hakuelewa.

"Siku ya kwanza niliona. Ilikatika kwa sababu ya maji ya kisima. Dawa ilipanda juu, nikaichuja, nikaitupa nyuma ya ua. Nimekuwa nikiitupa kila siku. Mitungi yako ilipuliziwa maji."

Rimberia aliweka kile kipande chini. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala kile kiburi cha glasi mbili juani. Alikuwa kijana tu, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua kwa kweli.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uaibike," alisema Falis. "Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja."

Alingoja Haji apige kelele, au Ekeno aseme kwamba naye aliuliza, au mtu yeyote acheke. Hata mashine ilikuwa imezimwa. Kinsi aliangalia mikono ya mama yake, ile iliyokuwa bado na weupe wa asubuhi ile, imemkumbatia mtoto. Kisha akapiga hatua mbili mbele akanyoosha mikono yake.

"Nipe mtoto," alisema.